Jina halisafishwi, deni ndilo hulipwa

Miongoni mwa misemo iliyozuka humu nchini katika muda wa miaka kumi na mitano hivi iliyopita, na ikashika mizizi upesi kuliko istilahi nyingi tunazozibuni sisi wasomi katika makongamano, ni huu wa "kutupwa CRB". Wakenya huutamka kwa sauti ile ile ambayo wazee wao walitumia kuzungumzia kutupwa gerezani. Aliyetupwa huko, kwa dhana ya wengi, ameingizwa katika orodha fulani nyeusi iliyofungiwa kabatini, na hana budi kumtafuta mwenye ufunguo ili "amsafishie jina". Karibu kila neno katika maelezo hayo lina kasoro, na kasoro zenyewe haziishii katika sarufi. Zinawagharimu watu pesa, kazi na usingizi.

Mimi ni mwanaisimu na si desturi yangu kuingilia mambo ya mabenki. Lakini kila mwaka hunijia wahitimu wanaotaka niwaandikie barua za mapendekezo ya kazi, na siku hizi barua hizo si mwisho wa haja zao. Wengi huketi, wakatazama sakafu, kisha wakauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nilikopa nikashindwa kulipa. Sasa nitafanyaje?" Makala haya ni jibu langu kwao, na pia kwa walimu ambao huenda wakaulizwa swali hilo hilo darasani au katika chumba chao cha mapumziko.

Kwanza tujue kitu chenyewe ni nini. CRB ni mashirika ya marejeleo ya mikopo. Kanuni za kwanza za kuyasimamia zilitungwa mwaka wa 2008, zikaanza kutumika mwezi wa Februari 2009. Benki Kuu ya Kenya ililipa shirika la kwanza leseni mwaka wa 2010, la pili mwaka wa 2011, na la tatu mwaka wa 2015. Nia haikuwa kuwatesa wakopaji wadogo. Wasomaji wenye umri kama wangu wanakumbuka jinsi mabenki kadha yalivyoporomoka katika miaka ya 1990, na mojawapo ya sababu ilikuwa mikopo mikubwa iliyochukuliwa na kuachwa bila kulipwa. Mtu aliweza kukopa katika benki moja, akaacha deni, kisha akavuka barabara na kukopa katika benki ya pili ambayo haikuwa na njia yoyote ya kujua habari zake.

Mwanzoni mabenki yalipeleka kwa mashirika hayo habari mbaya tu. Kanuni za mwaka wa 2013 zilibadilisha jambo hilo: habari njema nazo zikaanza kupelekwa. Hii ndiyo sababu ninasema hakuna orodha nyeusi. Mwalimu anayelipa mkopo wake wa nyumba bila kukosa hata mwezi mmoja naye yumo humo, na mfanyabiashara aliyemaliza deni lake mwaka juzi yumo, sawasawa na kijana aliyekopa kwa simu na kushindwa kurejesha. Kinachowatofautisha ni yale yaliyoandikwa juu yao. Kwa hivyo swali la "Je, nimo?" halina maana kwa mtu aliyewahi kukopa. Swali la kuulizwa ni "Imeandikwaje?"

Na hapo ndipo sarufi inapoingia. Chukua sentensi tatu ambazo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anazimudu: Hakulipa. Hajalipa. Alichelewa, akalipa. Ya kwanza inafunga mlango. Tendo lilipaswa kutendeka, halikutendeka, na habari imekwisha. Ya pili ina kiambishi -ja-, ambacho Kiswahili hukitumia kwa tendo ambalo bado halijatokea lakini lingali linatarajiwa. Anayesema "mgeni hajafika" angali amewasha taa. Ya tatu ina -ka-, inayounganisha tendo na lile lililolitangulia. Kuchelewa hakukufutwa, ila si mwisho wa habari tena.

Watu wengi huidhania ripoti ya mikopo kuwa imeandikwa kwa sentensi ya kwanza. Kwa hakika huandikwa kwa hizi mbili za mwisho. Deni ambalo lingali wazi husomeka "hajalipa". Likilipwa, husomeka "alichelewa, akalipa". Kazi yote ya mtu aliyewahi kushindwa kulipa ni kuitoa habari yake katika -ja- na kuifikisha katika -ka-. Hakuna ufundi mwingine, na hakuna wakala wa mtaani anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Hebu tutazame jinsi mtu anavyofika huko. Kwa kanuni za usimamizi wa mabenki, mkopo huhesabiwa kuwa mbaya malipo yake yanapochelewa kupita siku 90. Kabla ya kupeleka habari hiyo mbaya, mkopeshaji anatakiwa kumpa mkopaji ilani ya siku 30. Siku hizo 30 ni za thamani kuliko miaka itakayofuata, kwani ndani yake mtu angali anaweza kwenda kwa mkopeshaji, akaeleza hali yake na kuomba ratiba mpya. Kwa bahati mbaya, hizo ndizo siku ambazo wengi wetu huzima simu. Ilani huja kwa ujumbe mfupi, mtu akauona, akaufuta, akadhani ameufuta na mkopo. Waswahili hawakukosea waliposema kukopa harusi, kulipa matanga; lakini hata matangani watu huhudhuria, hawajifichi chini ya kitanda.

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa wadogo. Baada ya huduma ya M-Shwari kuanzishwa mwezi wa Novemba 2012, na baadaye programu za simu za kukopesha kuenea kama nyasi baada ya mvua, mkopo wa mia tatu au mia tano uliweza kumwandikia kijana habari mbaya yenye uzito sawa na ya mtu aliyeacha deni la milioni tano. Kanuni mpya za mwaka wa 2020 ziliweka kiwango cha chini: deni lisilofika Sh1,000 halipelekwi tena kwa mashirika hayo kama habari mbaya. Mwaka huo huo wakopeshaji wa simu ambao hawakuwa wakisimamiwa na Benki Kuu walinyimwa ruhusa ya kupeleka habari huko. Kanuni za mwaka wa 2022 za wakopeshaji wa kidijitali ziliwarudisha chini ya sheria, zikawakataza kumtusi mdeni, kumtisha, au kuwapigia simu watu waliomo katika simu yake ili kumwaibisha. Anayefanyiwa hayo leo anafanyiwa kinyume cha sheria, na ana haki ya kulalamika hata kama deni ni la kweli. Kudaiwa hakumwondolei mtu utu wake.

Basi mtu aanzie wapi? Aanze kwa kuisoma ripoti yake mwenyewe. Hili laonekana dogo, ila nimestaajabu kuona jinsi watu wanavyohukumiwa, nao wakajihukumu, kwa waraka ambao hawajawahi kuuona. Kanuni zinampa kila mtu haki ya kupata nakala moja ya ripoti yake bila malipo kila mwaka. Aiombe kwa kila shirika, wala asitosheke na moja, kwa kuwa makosa hayakai mahali pamoja. Akiipata, asikimbilie alama aliyopewa kama mwanafunzi anayefunua ukurasa wa mwisho wa mtihani. Asome mstari kwa mstari: jina la mkopeshaji, tarehe ya kukopa, kiasi kilichokopwa, kiasi kilichosalia, siku za kuchelewa, na hali ya sasa ya kila mkopo. Kisha apange yaliyomo katika mafungu matatu: yasiyo ya kweli, ya kweli ambayo hayajalipwa, na ya kweli yaliyokwisha kulipwa. Kila fungu lina dawa yake, na kuchanganya dawa ndiko kunakowaumiza wengi.

Tulitazame fungu la kwanza. Yamo madeni ambayo mtu hakuyakopa, pengine kwa sababu kitambulisho chake kilitumiwa na mwingine. Yamo madeni yaliyolipwa ambayo mkopeshaji hakupeleka habari ya malipo. Yamo pia madeni ya mfanyakazi ambaye mwajiri alimkata mshahara kila mwezi kwa ajili ya mkopo, asizifikishe pesa hizo benki au kwenye chama cha ushirika. Hili la mwisho nawasihi walimu na watumishi wengine walizingatie sana. Karatasi ya mshahara ambayo wengi huitupa kabla ya mwezi kwisha ndiyo shahidi pekee wa mtu siku anapoambiwa kwamba hajalipa. Ihifadhi.

Kwa habari zisizo za kweli, kusema "nisafishieni jina" ni kujidhalilisha bure. Mtu haombi hisani hapo, anadai haki. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema bayana kwamba kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 imeikariri haki hiyo. Hapa, na hapa tu, ndipo kitenzi "kufuta" kina mahali pake. Mlalamishi huandikia shirika lenye ripoti, akampa na mkopeshaji nakala; shirika halina budi kuuliza, kuchunguza na kumjibu.

Kuhusu namna ya kuandika barua hiyo, labda nina ruhusa ya kusema neno, kwa kuwa kusoma maandishi ya watu ndiyo kazi yangu. Nimewahi kuonyeshwa barua za malalamiko zenye kurasa tatu za huzuni: maradhi ya mama, karo ya wadogo, ubaya wa dunia. Yote ni kweli, na yote hayasaidii. Karani anayeifungua anatafuta mambo manne: mkopo upi, kosa gani, ushahidi uko wapi, na unataka nini kifanywe. "Ripoti yangu ya tarehe fulani inaonyesha kwamba ninadaiwa Sh12,000 na mkopeshaji fulani. Nilimaliza kulipa tarehe fulani. Nimeambatisha risiti na taarifa ya M-Pesa yenye namba ya malipo. Naomba ripoti isahihishwe, nami nijulishwe kwa maandishi." Inatosha. Insha ya namna hii mwalimu wa kidato cha tatu aweza kuifunza kwa kipindi kimoja, na mwanafunzi akafaidika nayo kuliko barua ya kumwalika rafiki sherehe ya kuzaliwa.

Fungu la pili ni la madeni ya kweli ambayo hayajalipwa. Hapa dawa ya deni ni kulipa, kama tulivyoambiwa tangu utotoni, lakini kuna namna ya kulipa. Mtu asilipe gizani. Amwombe mkopeshaji hesabu kamili: asili ya deni ni kiasi gani, riba ni kiasi gani, na faini ni kiasi gani. Sheria ya Benki, katika kifungu cha 44A kilichoanza kutumika mwaka wa 2007, inaizuia benki kuchuma bila kikomo juu ya mkopo ulioharibika: riba inayodaiwa baada ya hapo haiwezi kukipita kiasi cha asili kilichokuwa kimesalia siku mkopo ulipoharibika. Wengi waliolipa wakiwa na hofu hawakujua hivyo. Akishapata hesabu, aeleze uwezo wake bila ya kujigamba. Afadhali aahidi Sh1,500 kwa mwezi na azitimize kuliko aahidi Sh10,000 na kutoweka mwezi wa pili. Mapatano yawe kwa maandishi, na kila malipo yawe na risiti.

Deni likiisha, kazi haijaisha. Mkopeshaji ndiye anayepaswa kulijulisha shirika la marejeleo kwamba deni limelipwa, na si wote walio wepesi wa kueneza habari njema kama walivyo wepesi wa kueneza mbaya. Aliyelipa adai barua ya kuthibitisha malipo, kisha airudie ripoti yake aone kama kitenzi kimebadilika. Ikiwa anahitaji cheti cha CRB, kanuni za mwaka wa 2020 zilisema cha kwanza kitolewe bila malipo. Atakayemwahidi kumfutia habari za kweli kwa ada kidogo kabla hajalipa deni, na ajue kwamba ni tapeli. Shirika la marejeleo hunakili linayoambiwa na wakopeshaji, na mkopeshaji hana sababu ya kutangaza kwamba amelipwa pesa ambazo hajazipokea. Aliyetoa ada hiyo ataamka akiwa na deni lile lile na ada imekwenda.

Fungu la tatu ndilo linalowachanganya watu zaidi. Mtu amelipa, ana risiti, na bado ripoti inakumbuka kwamba aliwahi kushindwa. Hulalamika kwamba ameonewa. Hakuonewa. Habari za mkopo ulioharibika huhifadhiwa kwa miaka 5 tangu siku deni lilipolipwa lote. Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo polepole, kwani neno zito ndani yake ni "tangu". Miaka hiyo haihesabiwi tangu mtu alipokopa, wala tangu aliposhindwa, wala tangu alipobadilisha laini ya simu. Nimesikia vijana wakishauriana wakae kimya miaka mitano ili mambo yapoe. Wanaongojea hivyo wanangojea basi kwenye barabara isiyopitiwa na basi. Saa haianzi kuhesabu mpaka deni lilipwe. Kila mwaka wa kujificha unaongezwa mwanzoni, haupunguzwi mwishoni.

Katika miaka hiyo mitano mtu asikae akijiona mfu. Shirika la marejeleo halimnyimi mtu mkopo. Anayenyima au kutoa ni mkopeshaji, na huisoma ripoti nzima. Deni moja lililochelewa mwaka juzi, likafuatwa na mikopo midogo iliyolipwa kwa wakati, huonyesha mtu aliyeteleza akasimama. Mikopo kumi ya simu iliyochukuliwa ili kulipana yenyewe kwa yenyewe huonyesha jambo tofauti, hata kama hakuna hata mmoja uliochelewa. Njia bora ya kuandika -ka- nyingi baada ya lile kosa ni kukopa kidogo, kwa haja, na kulipa kabla ya siku.

Kwa wanafunzi wetu wa vyuo vikuu, deni la kwanza maishani aghalabu huwa ni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Wengi huliona kuwa deni la serikali, na la serikali, kwa mawazo ya Mkenya, si la mtu. Ni kosa. Bodi hiyo hutarajia mhitimu aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mkopo ukiachwa, faini ya Sh5,000 huongezwa kila mwezi, na jina hupelekwa kwa mashirika ya marejeleo. Faini ya namna hiyo kwa mhitimu asiye na kazi huweza kulizidi deni lenyewe kabla hajapata mshahara wa kwanza. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kile kikomo cha kutochuma kupita asili ya deni kinaihusu bodi hiyo pia. Isitoshe, bodi imewahi mara kadha kutangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo mmoja. Asiye na kazi na aiandikie bodi aeleze hivyo, wala asingoje kutafutwa. Kunyamaza husomeka kama kukataa.

Neno hili "msamaha" nalo lina matatizo yake. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha hali ya wakopaji wa simu waliokuwa na mikopo ya muda wa siku 30 au pungufu iliyoharibika kufikia mwisho wa Oktoba mwaka huo. Mikopo hiyo ilikadiriwa kuwa ya Sh30 bilioni, na waliotarajiwa kufaidika walizidi milioni 4.2. Wakopeshaji wangepunguza angalau nusu ya deni na kubadilisha hali ya mkopaji katika ripoti, naye angelipa nusu iliyosalia kufikia Mei 31, 2023. Mitaani habari hiyo iligeuka ikawa "serikali imefuta CRB". Kusamehewa nusu si kufutiwa yote. Ni kurahisishiwa njia ya kufika kwenye -ka-. Aliyepata nafuu ile akakosa kulipa nusu ya pili alikuwa amepewa daraja akakataa kuvuka.

Nisije nikaonekana nimewatwika mzigo wote wanaodaiwa. Wako wengine wanaostahili kuulizwa, na wa kwanza ni waajiri. Imekuwa ada kwa waajiri wengi kumdai kijana anayetafuta kazi ya kwanza alete cheti cha CRB pamoja na cha HELB, cha polisi na vinginevyo. Hebu tufikiri kidogo. Kijana hajalipa kwa sababu hana kazi. Hapewi kazi kwa sababu hajalipa. Huko ni kumwambia aliyezama kwamba atarushiwa kamba akishafika ufuoni. Wanaotetea desturi hiyo huinukuu Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu. Lakini sura hiyo inazungumzia uadilifu wa maafisa wa serikali, na kushindwa kulipa si lazima kuwe ni kukosa uadilifu. Yuko anayekataa kulipa ilhali anazo, na yuko anayetaka kulipa ilhali hana. Ripoti ya mikopo haiwezi kuwatofautisha wawili hao. Ilitungwa kumjulisha mkopeshaji kama pesa zake zitarudi, haikutungwa kupima mioyo. Hata Agano la Kimataifa la Haki za Kiraia na Kisiasa, ambalo Kenya iliridhia mwaka wa 1972, linakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Ikiwa dunia imekubaliana kwamba deni peke yake halitoshi kumfunga mtu, kwa nini litoshe kumnyima kazi ambayo ingelilipa?

Mwajiri mwenye busara angeuliza mengine. Angeuliza kama mwombaji amefanya mapatano ya kulipa, na akimwajiri akubaliane naye mshahara ukatwe kidogo kidogo, mradi kikomo cha sheria kisivukwe. Kwani Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka jumla ya makato isizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa njia hiyo mkopeshaji angelipwa, mwajiri angepata mfanyakazi, na kijana angepata mahali pa kuanzia.

La mwisho ni letu sisi walimu. Tunafundisha riba katika hesabu, mkataba katika masomo ya biashara, na barua rasmi katika Kiswahili, kila kimoja katika chumba chake, kisha tunamwacha mtoto atoke nje akiwa na simu inayoweza kumkopesha Sh5,000 kabla hajala kiamsha kinywa. Hatujamwonyesha hata siku moja ripoti ya mikopo inavyofanana. Haihitaji mtaala mpya. Mwalimu wa Kiswahili na achore ripoti ya kubuni ubaoni, awaulize wanafunzi ni wapi imeandikwa "hajalipa" na ni wapi "akalipa", kisha wamwandikie mkopeshaji barua. Watakuwa wamejifunza viambishi vya wakati, na pia jambo ambalo wakubwa wao wengi wamelijua baada ya kuumia: kwamba jana ya mtu haifutiki, lakini nafasi ya kuandika kitenzi kinachofuata ingali mkononi mwake.